Kutoka Amani hadi Sese: Aseniki, Ubongo na Historia ya Tiba ya Malale katika Afrika Mashariki, 1905–2024

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya tiba ya ugonjwa wa malale katika Afrika Mashariki, kuanzia utafiti wa Robert Koch katika Taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1905 na 1906, hadi mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa isiyo na aseniki kwa wagonjwa wa malale ya mashariki. Hoja kuu ni kwamba upofu uliowapata wagonjwa wa visiwa vya Sese hauelezwi vya kutosha na ukubwa wa kipimo cha dawa. Ulitokana na matumizi ya sumu ambayo hakuna aliyejua inavyofanya kazi mwilini, kwa watu ambao hawakuwa na njia ya kuipima hatari yake. Biokemia ilipokuja kueleza jinsi aseniki inavyovizuia vimeng'enya vya ubongo, maelezo hayo yalizaa kwanza dawa nyingine ya aseniki. Wagonjwa wa aina ya malale inayopatikana Tanzania ndio waliobaki na dawa hiyo baada ya wengine kupata nafuu.

1.0 UTANGULIZI

Ugonjwa wa malale umepewa jina kwa dalili yake inayoonekana na kila mtu. Neno lenyewe limetoka katika kulala, na Waganda waliuita mongota, yaani ugonjwa wa kusinzia. Mgonjwa husinzia mchana akiwa ameshika chakula mkononi, na usiku hukesha. Katika hatua ya mwisho hupoteza fahamu, na asipotibiwa hufa. Kinacholeta hali hiyo ni kimelea cha jenasi ya Trypanosoma, ambacho huenezwa na mbung'o. Kimelea huanza kuzaana katika damu na tezi, kisha huingia katika ubongo na katika maji ya uti wa mgongo. Mgawanyo huo wa hatua mbili ndio ulioamua historia yote ya tiba, kwa sababu dawa inayosafisha damu si lazima iufikie ubongo, na dawa inayoufikia ubongo inaweza kuudhuru.

Historia ya malale imeandikwa mara nyingi kama historia ya wagunduzi: nani alikiona kimelea kwanza, nani alimtambua mbung'o, nani alitengeneza sindano. Makala haya yanafuata njia tofauti kidogo. Yanaifuata dawa yenyewe, yaani aseniki, na kuuliza maswali mawili. Kwanza, wale walioitumia walijua nini kuhusu jinsi inavyofanya kazi? Pili, maarifa yalipopatikana, yalimfikia mgonjwa yupi kwanza na yupi mwisho? Mwanzo wa safari hiyo ni Amani, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wa malale, na jambo hilo, kama itakavyoonyeshwa, lina maana yake.

Ushahidi unaotumika ni wa aina mbili. Aina ya kwanza ni taarifa zilizochapishwa na watafiti wenyewe, hasa zile za Koch katika majarida ya tiba ya Ujerumani. Aina ya pili ni matokeo ya biokemia na ya majaribio ya tiba ya karne ya 20 na ya 21. Taarifa za kwanza zina kasoro ambayo msomaji hana budi kuikumbuka wakati wote: zinaeleza sana damu ya mgonjwa na kidogo sana maneno yake.

2.0 AMANI: MAABARA YA MLIMANI, 1902–1906

Serikali ya Kijerumani ilianzisha Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani mwaka 1902, katika misitu ya Usambara Mashariki, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Lengo lake lilikuwa kilimo cha kibiashara. Mimea kutoka nchi nyingi za joto ilipandwa kwa majaribio, miongoni mwayo mikinini, ambayo magamba yake hutoa kwinini. Mahali hapo palichaguliwa pia kwa sababu Wazungu waliona hewa yake ni nzuri na homa zake ni chache kuliko za pwani. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza tangu mwaka 1896, hivyo mtu aliyeshuka melini Tanga aliweza kufika chini ya mlima bila safari ndefu ya miguu.

Kwa mtaalamu wa vimelea, Amani ilikuwa na faida ya namna yake. Juu mlimani palikuwa na maabara yenye hadubini, maji safi na wasaidizi. Chini bondeni walikuwapo mbung'o, na mifugo iliyopitishwa huko ilipata nagana, ugonjwa wa wanyama ambao David Bruce alikuwa ameshaonyesha, tangu kazi yake ya Zululand miaka ya 1890, kwamba unaletwa na trypanosoma. Kwa hiyo nzi walikamatwa bondeni na kupasuliwa mlimani. Koch alifika katika koloni mwaka 1905, akashughulikia homa ya kupe, magonjwa ya ng'ombe na trypanosoma ndani ya mbung'o. Aliporudi Ulaya mwaka huo alichapisha taarifa ya awali, na mwezi Desemba akapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Franz Stuhlmann, aliyehusika sana katika kuianzisha taasisi hiyo, naye alifanya uchunguzi wa kina wa maungo ya ndani ya mbung'o, na mwaka 1907 akachapisha matokeo yake.

Mwaka 1906 Koch alirudi akiongoza msafara rasmi wa Ujerumani wa kuchunguza malale. Alishukia Tanga, akapanda tena Amani, na taarifa yake ya kwanza ya msafara iliandikwa huko. Swali aliloliuliza Amani lilihusu nzi: trypanosoma humfanyia nini mbung'o, na mbung'o humfanyia nini trypanosoma? Lilikuwa swali zuri, na lilikuja kujibiwa barabara na msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, ambaye mwaka 1909 alitangaza kwamba kimelea huhitaji kukua ndani ya mbung'o kwa majuma kadhaa kabla nzi huyo hajaweza kuambukiza. Lakini Usambara haikuwa na malale ya binadamu. Aliyetaka kujua dawa inamfanyia nini mtu ilimpasa aondoke Amani.

3.0 SESE: DAWA KABLA YA MAARIFA, 1906–1907

Wakati huo pwani ya kaskazini ya Ziwa Viktoria ilikuwa katika msiba. Madaktari wa Hospitali ya Mengo waliwatambua wagonjwa wa malale mwaka 1901. Mwaka uliofuata Aldo Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo, na mwaka 1903 Bruce alimtaja mbung'o wa kandokando ya maji, Glossina palpalis, kuwa ndiye mwenezaji. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Visiwa vya Sese, vilivyokuwa chini ya Waingereza, viliathirika mno. Koch alipitia Mwanza, akapata ruhusa ya Waingereza, na kuanzia Agosti 1906 akaweka kambi katika kisiwa cha Bugala.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoksili. Ilikuwa mchanganyiko wa aseniki uliotengenezwa Ufaransa katika karne ya 19, na jina lake lilimaanisha "isiyo sumu", kwa kuwa ilionekana kuwa na madhara madogo kuliko aseniki ya kawaida. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba inaondoa trypanosoma katika damu ya wanyama wa maabara. Hayo tu ndiyo yaliyojulikana. Muundo wake halisi wa kikemia ulikuja kuelezwa na Paul Ehrlich na Alfred Bertheim mwaka 1907, wakati wagonjwa wa Sese wakiwa wameshachomwa sindano kwa miezi mingi. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa imeingia katika miili ya watu kabla umbo lake halijajulikana na mtu yeyote.

Kipimo cha awali kilikuwa gramu 0.5 chini ya ngozi, siku mbili mfululizo, na kurudiwa baada ya siku kumi hivi. Matokeo ya kwanza yalishangaza. Vimelea vilitoweka katika damu na katika tezi, na wagonjwa waliobebwa walianza kutembea. Koch aliilinganisha atoksili na kwinini kwa malaria. Ulinganisho huo unastahili kutazamwa kwa makini, hasa ukikumbuka mikinini ya Amani. Kwinini ilikuwa imetumiwa na binadamu kwa muda mrefu, na mipaka ya usalama wake ilijulikana kwa uzoefu. Atoksili ilikuwa na uzoefu wa miezi.

Baadaye ilionekana kwamba vimelea vinarudi. Koch aliamua kuongeza kipimo hadi gramu 1 kwa mara moja, kwa muda mfupi zaidi kati ya sindano na sindano. Maumivu yaliongezeka, na wagonjwa wengi wakaacha kuja. Kisha baadhi ya waliobaki wakaanza kupoteza uwezo wa kuona. Koch mwenyewe aliripoti kwamba zaidi ya watu 20 walipofuka kabisa, na kwamba macho hayo hayakurudi. Kipimo kikubwa kikaachwa.

Haitoshi kusema kwamba watu hao walilazimishwa. Wengi walikuja wenyewe kwa mitumbwi kutoka visiwa vingine, kwa sababu walikuwa wakifa na kwa sababu waliowatangulia walionekana kupata nafuu. Tena kuondoka kwao kambini baada ya maumivu kuzidi kunaonyesha kwamba walipima mambo kwa akili zao na kuamua. Kasoro iko mahali pengine. Mgonjwa alipima kwa kile alichokiona na kukisikia mwilini mwake. Hatari ya macho haikuonekana wala kusikika hadi ilipokwisha kutokea, na aliyekuwa na wajibu wa kuitafuta mapema ndiye aliyeongeza kipimo. Uzito wa taarifa za Sese umewekwa kwenye hesabu ya vimelea chini ya hadubini. Mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa safi na macho yake yamekufa aliingia katika safu mbili za hesabu, na safu ya kwanza ilihesabiwa kuwa ushindi.

Koch alipoondoka mwaka 1907 alipendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu. Upande wa Wajerumani, kambi zilianzishwa katika maeneo ya Bukoba na Shirati na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Upande wa Waingereza, Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka kandokando ya ziwa, na hatimaye visiwa vya Sese vikaachwa bila wakazi. Hivyo watu waliopewa dawa isiyojulikana walinyang'anywa pia makazi waliyoyajua.

4.0 ASENIKI NA VIMENG'ENYA VYA UBONGO

Kwa nini dawa iliyoua kimelea ilipofusha jicho? Jibu lilichukua miongo mingi. Ehrlich alikuwa ametambua jambo la ajabu: atoksili haikuviua vimelea ndani ya chupa ya maabara, bali ndani ya mwili tu. Mwili uliibadilisha kwanza na kuwa aseniki ya aina nyingine iliyo kali zaidi. Mwaka 1923 Carl Voegtlin na wenzake, nchini Marekani, walieleza kwamba aseniki hiyo kali hujishikiza kwenye chembe za salfa zilizomo katika molekuli za mwili. Protini nyingi zina salfa ya namna hiyo, na miongoni mwazo vimo vimeng'enya ambavyo kazi yao hutegemea salfa hiyo kuwa huru.

Hatua iliyofuata ilitoka katika uchunguzi wa ubongo. Rudolph Peters, huko Oxford, alikuwa akichunguza ubongo wa njiwa waliokosa vitamini B1, na alijua vizuri mfumo wa vimeng'enya unaounguza piruvati, zao la sukari, ili kuupa ubongo nguvu. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia, yeye na wenzake walipewa kazi ya kutafuta kinga dhidi ya gesi ya kivita yenye aseniki. Waligundua kwamba mfumo huo wa piruvati ni miongoni mwa mifumo inayozimwa na aseniki kwa urahisi mkubwa. Wakatengeneza kiwanja chenye chembe mbili za salfa zilizo jirani, ambacho huikamata aseniki na kuivuta kutoka kwenye kimeng'enya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1945.

Kwa maarifa hayo, msiba wa Sese unasomeka upya. Neva ya jicho ni sehemu ya ubongo iliyorefushwa hadi nyuma ya mboni. Tishu za neva zina mahitaji makubwa ya nguvu na akiba ndogo. Sumu inayoweza kuzima vimeng'enya vya sukari haikuwa na sababu ya kubagua kati ya kimelea na neva. Tofauti ilikuwa ya kiasi na ya muda tu, na Koch, alipoongeza kiasi na kupunguza muda, aliipunguza tofauti hiyo bila kujua. Wahenga wamesema dawa ya moto ni moto. Methali hiyo humfaa yule anayejua upande ambao upepo unavuma.

Hapa pana jambo ambalo historia za ugunduzi huliruka. Ujuzi kwamba aseniki hudhuru vimeng'enya vya ubongo haukuiondoa aseniki katika tiba ya malale. Mwaka 1949 Ernst Friedheim aliunganisha aseniki na kiwanja kile kile cha Oxford, akapata melasoproli. Kilichotengenezwa kiwe kinga dhidi ya sumu kilifanywa kibebeo chake. Melasoproli iliweza kuingia katika ubongo na kuviua vimelea vilivyomo, na kwa maelfu ya watu ilikuwa tofauti kati ya kufa na kuishi. Lakini kati ya wagonjwa 5 na 10 kwa kila 100 walipata mwako mkali wa ubongo kutokana na tiba, na takriban nusu ya hao walikufa. Daktari aliyeitoa alijua hivyo kila alipochukua bomba la sindano. Tofauti na wakati wa Sese, hatari sasa ilijulikana na kuhesabiwa. Kilichokosekana kilikuwa dawa ya kuishika nafasi yake.

5.0 USINGIZI ULIOVURUGIKA

Wakati wataalamu wa dawa wakishughulika na kimelea, dalili iliyoupa ugonjwa jina lake ilibaki bila maelezo kwa muda mrefu. Ilichukuliwa kwamba mgonjwa hulala kupita kiasi kwa sababu ubongo wake umechoka au umeharibika. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa kuelekea mwisho wa karne ya 20 vilionyesha jambo jingine. Jumla ya saa za kulala za mgonjwa haitofautiani sana na ya mtu mzima wa afya. Kilichovurugika ni mpangilio wake: usingizi hukatikakatika na kutawanyika mchana na usiku. Kwa wagonjwa mahututi, hata kortisoli, homoni ya mwili inayohusiana na kukabili mkazo, huacha kupanda na kushuka kwa mzunguko wake wa saa 24.

Maelezo ya kikemia yalianza kupatikana wakati uleule ambapo sayansi ya usingizi kwa jumla ilikuwa ikitafuta viini vyake. Mwaka 1977 watafiti wa Basel walichapisha muundo wa peptidi ya asidi amino tisa waliyoitoa katika damu ya sungura waliolazwa usingizi, wakaihusisha na usingizi mzito. Wengine, hasa nchini Japani, walionyesha kwamba prostaglandini D2, inayotengenezwa na kimeng'enya maalumu katika utando wa ubongo, ni kichocheo chenye nguvu cha usingizi. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa kwamba prostaglandini hiyo imepanda katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale waliofikia hatua ya mwisho. Na mwaka 2018 majaribio ya panya yalionyesha kwamba kimelea huvuruga saa ya ndani ya mwili na kuiharakisha.

Kwa mwanahistoria, matokeo haya yana uzito kwa sababu yanarudisha kitu ambacho taarifa za Sese zilikiacha. Familia za wagonjwa zilikuwa zikieleza tangu mwanzo kwamba mtu wao analala mchana na kutangatanga usiku, na kwamba hasira na tabia yake vimebadilika. Maelezo hayo yalichukuliwa kama utangulizi wa kipimo cha damu. Miaka tisini baadaye vyombo vya umeme vilisema karibu mambo yaleyale.

6.0 MASHARIKI YASUBIRI

Mwaka 1910 ilitangazwa kwamba kuna aina ya pili ya kimelea, ambayo sasa huitwa Trypanosoma brucei rhodesiense. Aina ya magharibi, gambiense, huenda polepole kwa miaka. Aina ya mashariki huweza kuua kwa majuma au miezi michache, na hifadhi yake kubwa ni wanyamapori na mifugo. Hii ndiyo aina ya Tanzania. Mlipuko wa mwaka 1922 huko Maswa uliwafanya Waingereza waichukulie Tanganyika kuwa nchi ya malale kwa haki yake yenyewe, na katika miongo iliyofuata watu wengi wa magharibi ya nchi walihamishiwa katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o.

Utafiti juu ya aina hii nao ulidai miili ya watu. Katika kituo cha Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934, kimelea cha rhodesiense kilihifadhiwa kwa kupitishwa kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ili kujua kama bado kinaweza kumwambukiza binadamu, Waafrika walioitwa wenye kujitolea waliambukizwa kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Amani ilikuwa imeuliza swali la nzi kwa nzi, Tinde iliuliza swali la mtu kwa mtu, na kumbukumbu zake zinaeleza zaidi habari za kimelea kuliko za waliokipokea.

Tukilinganisha dawa moja baada ya nyingine, tunaona mfuatano usiobadilika. Triparsamidi, dawa ya aseniki ya mwaka 1919, iliwasaidia wagonjwa wa gambiense waliofikiwa katika ubongo, ingawa nayo ilipofusha. Huko Bafia, Kamerun, kipimo kilichozidishwa kiliwapofusha mamia ya watu karibu na mwaka 1930. Kwa wagonjwa wa rhodesiense dawa hiyo haikufaa, na suramini, iliyosafisha damu yao vizuri, haikuweza kuingia katika ubongo. Hadi melasoproli ilipokuja mwaka 1949, mgonjwa wa mashariki aliyechelewa alikuwa hana tiba ya kutegemewa.

Ndipo ikaja eflonithini. Hii ilikuwa dawa ya kwanza ya malale ambayo shabaha yake ilijulikana waziwazi: inakizima kimeng'enya kimoja, onithini dekaboksilesi, ambacho seli hukihitaji ili kugawanyika. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1990. Katikati ya miaka ya 1990 mtengenezaji aliisimamisha kwa kukosa faida, na ikarudi mwaka 2001 kwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani, wakati ambapo kiini hichohicho kilikuwa kimepata soko katika malai ya kupunguza nywele za usoni. Kuanzia mwaka 2009 ilitumiwa pamoja na nifurtimoksi, na wagonjwa wa gambiense wakaanza kuachana na aseniki.

Wagonjwa wa mashariki walibaki palepale. Kimelea cha rhodesiense hukitengeneza upya kimeng'enya hicho haraka kuliko kile cha gambiense, kwa hiyo dawa inayokizima haikitoshi. Sababu ya kibiolojia ni ya kweli, lakini haielezi yote. Wagonjwa wa rhodesiense walikuwa sehemu ndogo ya wagonjwa wote wa malale, na katika miaka ya karibuni walioripotiwa ni chini ya 200 kwa mwaka katika nchi zote. Idadi ndogo namna hiyo haimvuti mtengenezaji dawa. Feksinidazoli, dawa ya kumeza isiyo na aseniki, ilipata maoni ya kuidhinishwa Ulaya kwa ajili ya gambiense mwaka 2018. Kwa rhodesiense ilisubiri jaribio lililofanywa Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45, idhini ya Desemba 2023, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024. Tangu Koch alipoanza sindano Bugala hadi mwongozo huo ni miaka 118. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, mgonjwa wa mashariki aliyefikiwa katika ubongo alikuwa na aseniki au hakuwa na kitu.

7.0 TANGA NA MBUNG'O: SWALI LA AMANI LARUDI

Ni vyema kurudi pale tulipoanzia. Baada ya Wajerumani kuondoka, Amani ilipitia mikono ya watafiti wa kilimo, na mwaka 1951 ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Tangu kuanzishwa kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979, jina la Amani limeendelea katika kituo chake. Uchunguzi wa mbung'o ulishukia mjini Tanga, ambako taasisi ya utafiti wa mbung'o na nagana ilifuga nzi wa jamii ya Glossina austeni kwa wingi. Madume waliofanywa tasa kwa mionzi yalisafirishwa hadi Unguja na kuachiwa kutoka angani kuanzia mwaka 1994, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka 1997.

Kazi hiyo ilihusu nagana ya mifugo na kisiwa kilichozungukwa na bahari, hivyo haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha bara zima. Inachoonyesha ni kwamba swali lililoulizwa Amani mwaka 1905, la maisha ya nzi mwenyewe, lilikuwa na thamani yake, na kwamba lingeweza kufuatwa hadi mwisho bila mtu yeyote kupoteza macho.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, upofu wa Sese ulikuwa matokeo ya kutumia dawa ambayo muundo wake, shabaha yake na njia yake mwilini havikujulikana, na ambayo mafanikio yake yalipimwa katika damu tu. Pili, maarifa ya vimeng'enya vya ubongo yalieleza madhara hayo, lakini hayakumwondolea mgonjwa dawa yenye madhara hadi pale maarifa hayo yalipoungana na uamuzi wa kutengeneza na kugharimia dawa nyingine. Tatu, katika kila hatua mgonjwa wa malale ya mashariki alifikiwa mwisho, kwanza kwa sababu ya tabia ya kimelea chake na kisha kwa sababu ya uchache wake.

Uchache huo ndio unaotia wasiwasi kwa siku zijazo. Ugonjwa unapokaribia kutoweka, madaktari waliouona hupungua, vituo vya kupima hupungua, na mgonjwa mmoja anayetoka mbugani au msituni na usingizi wa mchana huweza kutibiwa malaria kwa majuma mawili kabla mtu hajaangalia damu yake vizuri. Kwa mgonjwa wa rhodesiense majuma hayo mawili ni mengi. Watafiti wa Kiswahili wanaweza kuanza na kazi iliyo karibu nao: kukusanya simulizi za wazee wa magharibi mwa Tanzania na wa kandokando ya Ziwa Viktoria kuhusu kambi, uhamisho na sindano, kabla hazijapotea. Taarifa za vimelea vya Sese tunazo. Za watu wa Sese bado zinahitaji kutafutwa.